Diski Mfukoni mwa Mzee Ombati

Siku mliyoniaga pale dukani, mmoja wenu aliniuliza ni kitu gani kilichonishtua zaidi katika miaka yote niliyoketi kwenye ile meza ya ufundi. Nikajibu, "Mende." Mkacheka, keki ikakatwa, mambo yakaishia hapo. Sasa niko nyumbani, miguu juu ya stuli kama mtu mwenye mali, na lile swali limekataa kunitoka kichwani. Kwa hivyo naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo siyagusi, maana hayatawasaidia siku mkifungua mashine ya mtu.

Kuhusu mende sikudanganya, lakini. Siku yangu ya kwanza kwa Bwana Kirit, pale Nyamira mjini, niliwekewa mezani kompyuta ya mwenye mashine ya kusaga unga. Bwana Kirit mnamjua kwa picha tu, ile iliyoko juu ya kaunta. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisii, anaongea Ekegusii chetu vizuri kuliko wajukuu wangu, na hakuwahi kuinua sauti. Nilifungua kifuniko, na wee! Walitoka kama watu wanaotoka kanisani. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, bisibisi mkononi, napiga mayowe.

"Kemunto, shuka," akasema bila kuacha chai yake. "Hao ndio wapangaji. Sisi tunatengeneza nyumba tu."

Nilishuka. Siku hiyo hiyo akanifundisha kuchora umbo la mashine kwenye kipande cha boksi na kuchoma kila skrubu mahali pake, ile ya kona kwenye kona, ile fupi kwenye alama ya fupi. Mnanicheka kwa maboksi yangu, najua. Lakini sijawahi kubaki na skrubu mkononi nikijiuliza imetoka wapi, na baadhi yenu mna kikombe kizima cha skrubu zisizo na kwao. Akanifundisha pia kushika chuma kabla ya kushika kitu chochote cha ndani, ili umeme wa mwilini utoke, na kung'oa betri kwanza kabla ya yote. Na akanipa sheria moja ambayo hakutaka ijadiliwe. Diski ya mteja ni ya mteja. Ukimwekea mpya, ile ya zamani inarudi mkononi mwake siku hiyo hiyo, hata kama imekufa, hata kama anasema hana haja nayo. Alisema vitu vya mtu viko humo ndani, na duka si mahali pa kulala vitu vya mtu.

Miaka ikaenda. Kompyuta zenye mgongo mkubwa zikaisha, laptopu zikaja, nyingi zikiwa kuukuu tangu siku ya kununuliwa. Huku kwetu laptopu inakaa jikoni na watu, inakula moshi wa kuni, inamwagikiwa chai. Nimefungua moja nikakuta masizi meusi yamejaa kwenye feni hadi feni haionekani. Nikamuuliza mwenyewe mashine ilikuwa inakaa wapi, akanijibu kwa heshima zote kwamba ilikuwa juu ya meko ili isishike unyevu.

Halafu ndipo zikaja hizi diski zisizozunguka, SSD. Ya kwanza nilipoishika nilitaka kuirudisha kwa aliyeniuzia, nikidhani amenipa ganda tupu. Nyepesi jamani! Nikaijaribu kwenye laptopu yangu mwenyewe, ile ambayo ulikuwa unaiwasha kisha unaenda kubandika chai, unakunywa, unaosha kikombe, ukirudi bado inafikiria. Nikaweka kitu kipya, nikafunga, nikabonyeza. Kabla sijatulia kwenye kiti, ikawa imewaka na inaningoja mimi. Nilishtuka nikaizima. Nikaiwasha tena, ikafanya vilevile. Nikaweka sikio juu yake, kimya, hakuna kile kimlio cha diski kuzunguka. Bwana Kirit akaja, akaangalia, akaniuliza kwa upole mashine hii nimeiba wapi.

Kwa hivyo naomba mlishike hili. Mtu akija analia kwamba laptopu yake imezeeka, msikimbilie kumwambia anunue nyingine. Mara nyingi kilichozeeka ni ile diski tu. Mbadilishie, muone atakavyoshika mdomo. Kuna mwalimu mmoja aliniambia nimembadilishia kompyuta nzima na kubaki na yake, ikabidi nimwonyeshe mkwaruzo ambao mtoto wake aliuchora kwa msumari.

Sasa nifike kwa Mzee Ombati, maana ndiye aliyekuwa jibu la swali lenu, na siku ile ya keki sikuweza kumtaja nikiwa na kinywa kimejaa.

Mzee Ombati alitoka Nyaramba. Alikuwa mkulima wa chai na ndizi, Msabato, mzee wa kanisa, mrefu, na kila mara alivaa koti moja la kijivu, jua liwake au mvua inyeshe. Alikuja na laptopu ya binti yake, Moraa, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu akisomea kilimo. Moraa alikuwa anaandika utafiti wake juu ya ndizi za kienyeji za Nyaramba, zile za zamani ambazo watu wanazing'oa. Kwa vile binti alikuwa mbali, baba ndiye aliyekuwa anazunguka kwa akina mama wazee, anapima migomba, anapiga picha kwa simu, anauliza majina, kisha anarudi nyumbani kuandika yote kwenye laptopu kwa vidole viwili. Picha zikijaa kwenye simu anazihamishia kwenye laptopu, anazifuta kwenye simu, anatoka tena.

"Fundi," akaniambia, "hii mashine inanichelewesha. Nikiwasha, naweza kwenda kukamua ng'ombe. Nataka Moraa akirudi kufunga chuo aikute inakimbia."

Niliifungua. Diski ilikuwa mahututi. Nilijaribu kuinakili nzima kwenye ile mpya, ikakataa katikati, ina sehemu mbovu nyingi. Basi nikaweka mfumo mpya kwenye SSD, nikamwambia mafaili nitayatoa moja moja kwa subira, kwa kuweka ile ya zamani ndani ya kasha la nje la kuchomeka kwenye laptopu. Lakini ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kuzama na Sabato kuingia, na Msabato hangojei jua lizame akiwa dukani. Hata mimi nilikuwa nafunga.

"Mzee, niachie hii ya zamani," nikamwambia. "Usiitikise. Jumapili nitaanza nayo."

Akatikisa kichwa. "Kazi ya mtoto wangu haiwezi kulala dukani. Si hata nyinyi wenyewe mna sheria?" Akanielekeza kwa kidevu kule ukutani, ambako Bwana Kirit alikuwa ameibandika sheria yake. Ningesema nini? Akaifunga diski kwa leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, akaupigapiga, kisha akachukua laptopu. "Jumapili nitairudisha mwenyewe."

Jumapili hakuja. Niliona ni kawaida, watu wana shughuli. Wiki zikapita.

Kisha akaja Moraa. Nilimjua kwa urefu wake kabla hajasema jina. Aliweka laptopu juu ya meza, akaiwasha, ikawaka pap! Akanitazama na macho yaliyovimba.

"Anti, imekuwa haraka kweli. Lakini haina kitu."

Nikamwambia haina kitu kwa sababu baba yake ndiye mwenye kitu, diski iko kwake, amlete. Maneno hayo niliyasema nikiwa natabasamu, Mungu Nyasae anisamehe. Moraa akaniambia baba alifariki Jumamosi ile ile, mchana, baada ya kutoka kanisani. Alisema kifua kinambana, akaketi, akaondoka.

Nilishika meza. Nilikuwa bado naona mkono wake ukiupigapiga ule mfuko.

Alipoweza kuongea tena akanieleza kwamba chuo kimemwongezea muda kidogo kwa sababu ya msiba, na muda wenyewe unaisha. Bila vipimo na picha za ndizi hana utafiti, na bila utafiti hamalizi. Kurudia kazi haiwezekani, baadhi ya hiyo migomba imeshang'olewa kupandwa chai. "Na ni kazi yake," akasema. "Yote aliifanya yeye. Mimi nilikuwa nampigia simu tu namwambia baba harakisha, baba harakisha."

Nikamwambia diski ilikuwa kwenye koti la kijivu. Jamani, niliona damu ikimtoka usoni. Akateleza polepole akakaa sakafuni, kwenye vumbi letu la skrubu na nyaya.

"Anti, tulimzika na hilo koti."

Wale mliokuwepo mnakumbuka. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna mtu aliyethubutu kusema kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa anakifikiria, na hakuna mtu ambaye angekifanya. Kwetu mtu akishalazwa kwenye boma lake, amelazwa.

Moraa ndiye aliyekusanya nguvu akampigia mama yake kumuuliza nani alimvisha baba. Mama akajibu ni shangazi, Kerubo, dada yake marehemu, wa Ekerenyo. Ndiye aliyepeleka nguo mochari. Mama hakujua kama mifuko iliguswa. Moraa akaogopa kumuuliza shangazi kwa simu, akasema jambo kama hilo haliulizwi kwa simu. Nikavua aproni yangu ya kazi, tukapanda bodaboda.

Tulimkuta Shangazi Kerubo jikoni akisonga ugali. Mama mwenye mwili, mikono ya mchuma chai, jicho lisilokopesha. Tukakaribishwa, tukasalimiana kwa kirefu, na yote yalikuwa kwa Ekegusii, mimi nawaletea tu kwa Kiswahili. Moraa alipofika kwenye swali la koti, mwiko ukasimama.

"Kwa hivyo mmekuja kwa ajili ya kile kitu," akasema.

 Diski ilikuwa imetolewa mfukoni! Shangazi akapanda kigoda, akanyoosha mkono hadi kwenye dari ya kukaushia kuni, juu kabisa ya meko, akashusha mkebe wa mafuta ya kupikia. Hakuushika kwa mkono. Alipitisha kijiti kwenye kishikio, akaubeba mbali na mwili wake, akauweka chini mlangoni. Ndani, katika majani makavu ya mgomba, ilikuwamo diski, leso bado imeifunika.

"Nilikikuta juu ya moyo wake," akasema. "Hapa hasa. Nilimpa mjukuu asome maandishi, akasema kimeandikwa onyo. Na watu wote si wanasema usiweke simu mfuko wa kifua, itakuua? Hii ni nzito kuliko simu. Siwezi kuitupa, watoto wataokota. Nimeiweka nikingojea kikao cha familia, tumtafute aliyempa."

Jamani, jamani. Nimeona mashine zikilipuka moshi usoni mwangu, lakini sijawahi kushtuka vile. Nilitazama mlango ulipo. Halafu nikamtazama Moraa, ambaye macho yake yote yalikuwa kwenye ule mkebe.

"Mama," nikasema, "aliyempa ni mimi."

Mwiko ulipanda juu na unga wake. Moraa akaruka katikati. "Shangazi, ni fundi! Ni kazi yangu ya shule iko ndani!"

"Kazi ya shule inakaa kwenye kitabu!" Sauti yake ikapasuka. "Waliniambia ni presha. Presha gani ya mtu aliyechuma chai Alhamisi akajaza kikapu? Ndugu yangu alikuwa mzima! Hakuwa na kitu! Kitu kilikuwa hiki tu!"

Akaanza kulia, mwiko bado juu. Mimi sina elimu ya daktari, na kumweleza kwamba diski isiyo na umeme ni kama kipande cha jiwe nilijua hakutasaidia. Nilifanya kilichonijia. Niliinama, nikaitoa diski kwenye mkebe, nikaitia mfuko wa kifua wa blauzi yangu, upande wa kushoto, nikafunga kifungo. Kisha nikakaa.

"Nimesikia njaa, Mama," nikasema. "Kama kuna chinsaga, nitakula."

Alinitazama kama anayetazama mtu aliyekunywa dawa ya kupe. Lakini mgeni akisema ana njaa, mwanamke wa kwetu atafanya nini? Alipakua. Nikala ugali na hiyo mboga taratibu, naye ameketi mbele yangu hapepesi, anafuata kila tonge likishuka. Mara kwa mara ananiuliza, "Unasikia nini?"

"Nasikia chumvi imekolea vizuri."

"Kifua?"

"Kimetulia, Mama."

Niliongezewa. Nikanywa chai. Nikamsaidia kukoboa mahindi, diski juu ya moyo. Moyo wenyewe ulikuwa unapiga vibaya, sitaki niwadanganye, lakini ni kwa ajili ya mahali ilipolala hiyo diski, juu ya meko, kwenye joto na moshi, wiki baada ya wiki. Jioni ilipokaribia, Shangazi akaosha mikono, akavaa sweta, akajitanda khanga mabegani.

"Ukianguka njiani watasema ni mimi nilikulisha," akasema. "Nakuja nikuone unafika."

Hivyo ndivyo tulivyorudi Nyamira, mimi na diski mbele, wao nyuma, na kila bodaboda yetu ikipunguza mwendo nilisikia akiita kutoka ile nyingine, "Bado uko?"

Dukani niliisafisha kwa brashi laini. Wakati wa kazi kama hii, tafadhalini, msiwe na haraka ya kuwasha. Diski inayokufa ina pumzi chache, na kila ukiiwasha umetumia moja. Andaa kila kitu kwanza. Jua unachotaka, na chukua hicho kabla ya kingine. Nikaitia ndani ya kasha, nikachomeka kwenye ile ile laptopu ya Moraa. Ikalia tak, tak, tak. Shangazi akarudi nyuma hadi mlangoni. Kisha ikazunguka, na jina la folda likatokea kwenye kioo. Ndizi.

Moraa alinishika bega, kucha zikaingia. Nikaanza kunakili. Ikaenda, ikaenda, ikasimama. Tukangoja. Haikusogea. Nikachomoa, nikaiacha ipoe. Nikaisimamisha kwa upande, maana kuna diski hukataa kusoma zikilala na kukubali zikisimama, na msiniulize kwa nini. Nikachomeka. Tak, tak. Ikazunguka. Maandishi yakavuka yote, picha zikafuata, na ya mwisho ilipovuka ile diski ikatoa mlio mwembamba, ikanyamaza. Sijaisikia tena mpaka leo.

Moraa alikuwa analia na kucheka. Nikafungua picha ya kwanza tuone kama ni nzima. Ilikuwa mgomba, mrefu, nyuma ya nyumba ya mtu. Na kando ya mgomba, amejinyoosha wima kama askari, amesimama Mzee Ombati ndani ya koti la kijivu.

Nikafungua ya pili. Mgomba mwingine, yeye yule. Ya tatu, vivyo hivyo. Moraa akajifunika uso.

"Nilimwambia aweke kitu cha kuonyesha urefu," akasema. "Kitu chochote ambacho kipimo chake kinajulikana. Nilidhani atatumia fimbo."

Mzee alijua urefu wake, basi akajisimamisha yeye. Kila mgomba wa Nyaramba ulikuwa umepimwa kwa mwili wake. Alimpa mwenye shamba simu ampige picha, na kwenye nyingine alikuwa anacheka, na kwenye moja kofia imeangushwa na jani.

Shangazi Kerubo alikuwa ameondoka mlangoni bila sisi kumwona. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Mimi, kwa ujinga wa furaha, nilikuwa napitisha picha kwa haraka kumwonyesha Moraa kwamba zote ni nzima, na ile SSD nayo ilikuwa inazileta kabla kidole hakijainuka. Ombati, Ombati, Ombati.

"Mbona anakimbia hivyo?" Shangazi akauliza.

"Ni hii mpya, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Ile iliyokufa ilikuwa inakwenda polepole?"

"Polepole sana."

 Kisha akavuta kiti cha wateja, akaketi karibu na kioo hadi pumzi yake ikakigusa.

"Hiyo ya polepole ndiyo nilikuwa naitaka," akasema.

Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Nikauchukua mkono wake, nikaweka kidole chake juu ya kitufe, nikamwambia hii haiendi mpaka yeye abonyeze. Akaitikia kwa kichwa. Tulifagia, tukakusanya bisibisi, tukafunga madirisha, tukazima taa za mbele. Tulipofika kumwambia ni saa ya kufunga, bado alikuwa kwenye picha ya kwanza.